Mkanda Ndani ya Gauni

Mimi ni mtu wa kusimama. Nakula nimesimama, nachambua maharage nimesimama, na hata kanisani, watu wote wakishakaa kusikiliza mahubiri, utanikuta nyuma karibu na mlango nikihamisha uzito kutoka mguu huu kwenda ule. Padri alishaniuliza kama mahubiri yake yananichosha. Nilicheka, nikamwambia hapana, Padri, ni huyu. Huyu ni binti yangu, mtoto wangu wa pekee. Ana miaka minne na anashinda mgongoni mwangu. Nikikaa haoni kitu, na asipoona kitu analia. Basi nasimama.

Alizaliwa kimya. Alipolia hatimaye, wauguzi walishangilia na mimi nikashangilia nao, kumbe zile dakika za ukimya zilikuwa zimeshachukua chao. Daktari alinieleza baadaye, mtoto akiwa na miezi minane na shingo yake bado inaanguka. Miguu haina kosa, alisema, mgongo hauna kosa, ila ubongo uliumia kwa kukosa hewa na amri zake hazifiki vizuri mwilini. Ndiyo maana mara analegea kama nguo iliyotolewa kwenye beseni, mara anakakamaa hadi vidole vya miguu. Akili yake iko timamu. Anamjua kila mtu anayepita njia ya kwetu, na ana kicheko kimoja cha muuza mikate na kingine cha bibi yake. Lakini hawezi kukaa. Ukimlaza kwenye mkeka anaona mabati tu. Ukimlisha amelala, uji unampalia, anakohoa mpaka midomo inabadilika rangi, na mimi nabaki namgonga mgongo huku namwita jina lake kana kwamba ameenda mahali. Kila siku tunakula mara tatu, na kila siku naogopa mara tatu.

Tunaishi Kadutu, hapa Bukavu, kwenye ule mteremko ambapo paa la jirani wa chini liko sawa na kizingiti chako. Mume wangu anafundisha shule ya msingi huko Kalehe na hurudi mwisho wa mwezi. Aliyebaki na mimi ni mama yake, aliyeteremka kutoka Walungu na kuku mmoja na mfuko wa maharage, kuja kumwona mjukuu kwa wiki moja, na hajarudi hadi leo. Ni mwanamke mwema, mwenye kiburi, na kiuno chake hakimruhusu tena kubeba kitu chochote kizito kuliko sufuria. Mimi ni mshonaji. Cherehani yangu ya miguu iko pale sebuleni imefunikwa kitambaa. Inataka miguu miwili, mikono miwili na mgongo usio na mtu, kwa hiyo siku hizi napokea kazi za kupinda suruali na kubadilisha vifungo, na nazifanya mtoto akisinzia.

Mwaka huu, baada ya Pasaka, ikatangazwa parokiani kwamba kituo kimoja cha watoto walemavu kinatuma watu nyumba kwa nyumba kuuliza familia zinahitaji nini. Ankete, wenyewe walisema. Mama mmoja tuliyekuwa naye kliniki alinipa habari kamili zaidi: kituo kimeleta fundi seremala. Mtoto asiyeweza kukaa anapimwa, anachongewa kiti chake mwenyewe, chenye ubao wa mgongo, vizuizi vya kiuno na meza ndogo mbele. Alimwona mtoto mmoja kwenye kiti hicho akila bila kukohoa. Na fundi atakuwepo mpaka Ijumaa ya wiki ya pili tu, kisha anaenda kwingine.

Sikuwa na raha tena. Nilianza kuona kiti kile kila mahali. Nilikiona kibarazani, nilikiona karibu na cherehani, nilimwona binti yangu ndani yake akiangalia njia. Nilipanda na kushuka zile ngazi za udongo bila sababu. Nilipima chumba kwa hatua zangu kujua kama kitapita mlangoni. Mama mkwe akaniambia, "Ikala kidogo, maman, utaumisha mutoto kizunguzungu." Sikukaa.

Sasa, mtu wa Bukavu ukimwambia kwamba mgeni anakuja na karatasi, yeye hafikirii karatasi. Anafikiria mgeni. Siku moja kabla ya ankete tulisugua sakafu mara mbili. Tuliazima foteli mbili za jirani wa juu, zile sofa za kahawia zenye mikono mipana, tukaziteremsha kwenye matope kana kwamba tumebeba jeneza la mkubwa, nikaziwekea vitambaa vya kufuma. Mama mkwe akakaanga sambaza, vile visamaki vya ziwani kwetu. Kisha tukaanza kuficha. Tulificha godoro lake lenye mkojo. Tulificha ule ubao ninaomfungia ili anyoshe miguu, tukaficha matambara ya mate, beseni, na ile chupa ya dawa ya degedege. Tulipomaliza, nyumba yetu ilikuwa nyumba ya watu ambao hawajawahi kupata shida yoyote.

Na mimi nikashona. Hilo sitalisahau, kwa sababu hakuna aliyenituma. Nilichukua kitambaa cha jinzi, nikakata mkanda wenye upana wa kiganja, nikaushona ndani ya gauni lake la Pasaka, kwenye kifua. Ncha zake zilitokea mgongoni kwa tundu mbili ndogo nilizozizungushia uzi kama za vifungo, mtu asingeziona. Ncha hizo ningezifunga nyuma ya foteli, chini ya kitambaa cha kufuma. Pembeni mwa kiuno niliweka mito miwili, na sketi yenye marinda ikaifunika. Nikamweka, nikavuta, nikafunga. Akakaa. Binti yangu alikaa wima kama watoto wa picha za komunyo ya kwanza, akatuangalia sote wawili usoni, akacheka. Mama mkwe alifuta macho kwa pindo la kikwembe chake. Mimi nilipiga makofi. Nilijisifu hata kwa mshono wenyewe, ulikuwa mshono safi.

Nilitaka nini? Nimejiuliza sana. Nadhani nilitaka mtu mmoja tu, hata mgeni, aingie nyumbani kwangu amwone mtoto wangu akiwa mzuri kabla hajaona kitu kingine chochote.

Ankete ilikuja kesho yake. Ilikuwa msichana mmoja mpole, mwenye tableti ndani ya mfuko wa plastiki kwa sababu ya mvua, viatu vyake vyote matope. Mama mkwe akamkalisha kwenye foteli ya pili, akamnawisha mikono, akamwekea sahani. Na kwa kuwa ndiye mkubwa wa nyumba, yeye ndiye aliyejibu. Mimi nilisimama mlangoni pa jikoni na jagi la maji mkononi.

"Koko, mutoto anaweza kuikala ye peke yake?" msichana akamuuliza bibi.

"Si unamuona? Anaikala."

"Anakula bien?"

"Anakula sana. Hapa kwetu chakula haikosake."

"Kuko batu banawasaidia?"

"Tunasaidiana sisi benyewe. Mungu aksanti. Kula sambaza, mwanangu, itapola."

Msichana akala, akagusa kioo cha tableti kwa kidole kisicho na mafuta, akaendelea. "Na maman ya mutoto, anapumuzikaka wakati gani?"

Mama mkwe akacheka kwa dhati. "Huyu? Muke ya mutoto wangu hana buvivu hata kidogo. Ongeza samaki."

Mimi nilikuwa nahamisha uzito kutoka mguu huu kwenda ule. Maneno yalikuwa yamejaa mdomoni. Ningeweza kuvuta ile ncha moja ya mkanda. Sikuvuta. Msimlaumu mama mkwe peke yake. Mtoto alipokuwa na mwaka mmoja, tuliwahi kumkaribisha mwanamke mmoja wa kikundi cha maombi, akala kwetu, akamwona mtoto, akatuuliza kwa upole mambo mengi, na tukamjibu yote kwa ukweli. Jumapili iliyofuata mtaa mzima ulikuwa unasema kwamba kuna kitu nimefukia chini ya nyumba. Tangu hapo mama mkwe anawapa wageni chakula na hawapi habari.

Msichana alipoondoka alimshika binti yangu shavu. "Maman, mutoto yako iko muzuri kabisa," akaniambia, na nikamsindikiza mpaka barabarani huku moyo unanipiga kwa furaha. Furaha! Nilikuwa mjinga aliyependeza.

Wiki iliyofuata, siku ya Jumatano, orodha ya watoto wa kupimwa ilibandikwa kwenye mlango wa kituo. Nilisoma kutoka juu hadi chini, kisha kutoka chini hadi juu. Nikamwomba mwanamke mwingine anisomee, labda macho yangu yalikuwa yameruka mstari. Hatukuwemo. Nikampigia simu yule msichana, ambaye alikuwa ametuachia namba, palepale, nimesimama kwenye mvua.

"Maman, miye niliandika kile niliona," akasema. "Mutoto alikuwa anaikala muzuri mu fotel."

"Nilikuwa nimemufunga!"

Akaniuliza, pole pole, "Sasa miye ningejua aje?"

Nilimtukana. Nasema ukweli, nilimtukana msichana wa watu ambaye hakuwa na kosa, nikakata simu, nikapanda mteremko mzima bila kupumzika hata mara moja, na nilipofika nyumbani nikamgeukia mama mkwe. Nikamwambia kwamba sambaza zake zimekula kiti cha mtoto wangu. Nikamwambia kama anapenda heshima kuliko mjukuu, arudi nayo Walungu. Mwanamke mtu mzima, mama wa mume wangu, nilimwambia hivyo. Alikuwa ameshika kijiko cha uji. Alikiweka chini, akaenda chumbani.

Alhamisi hatukusemezana. Nilipinda suruali moja mara tatu kwa sababu kila mara nilipinda mguu mmoja mrefu kuliko mwingine. Mchana uji ulimpalia binti, vibaya zaidi kuliko siku nyingi, na mama mkwe alitoka chumbani mbio, tukamgeuza pamoja, tukamgonga pamoja, mpaka akapata pumzi. Tulibaki chini sakafuni sote watatu tukihema.

Ijumaa, siku ya mwisho ya fundi, niliamka nikamkuta mama mkwe kibarazani na gauni la Pasaka magotini, wembe mkononi. Alikuwa anafumua. Alikata uzi mmoja mmoja kwa uangalifu ili asiharibu kitambaa, akavuta ule mkanda wa jinzi wote, akaukunja, akauweka kando yake kwenye benchi. Macho yake hayaoni vizuri karibu, sijui alianza saa ngapi.

"Umuvalishe hii," akasema. "Na usiende na mito."

Nilipiga magoti nikamwomba msamaha. Akaniambia niache, nitachelewa. Kisha akaniuliza kitu ambacho hakuwahi kuniuliza. "Na bakikataa?" Alimpandisha mtoto mgongoni mwangu kwa mikono yake, na kiuno chake kikalia, nilisikia.

Kituoni kulikuwa na watu wengi wenye haki ya kuwepo, walioitwa. Uani fundi seremala alikuwa anapima watoto kwa utepe na kuandika namba kwenye kipande cha ubao. Mimi nilipelekwa ndani kwa baba mmoja mwenye miwani, papa kwa lugha ya kwetu, msimamizi wa ankete, mezani kwake kikombe cha chai na marundo ya karatasi. Yule msichana alikuwa pembeni na tableti yake. Hakunitazama, na nilistahili.

Papa alinisikiliza mpaka mwisho. Hakuwa mtu mbaya. "Maman," akasema, kidole juu ya fishi, ile fomu ya majibu yetu, "kama kila mutu anakuja kubadirisha majibu, tutamaliza siku gani? Fishi yako inasema mutoto anaikala. Inasema muko na musaada. Kuko batoto benye hali mbaya kupita yako."

"Papa, ni miye nilifunga mutoto."

"Leo unasema ulifunga. Kesho mwingine atasema vile vile."

Nikaona kwamba hanidharau. Ananiona mama aliyesikia kuna viti akabadilisha maneno. Na tazama, mama kama huyo hufananaje? Hufanana na mimi, kavaa vizuri, mtoto kavaa marinda. Mikono ilianza kuniwasha. Nilifungua kikwembe, nikamtoa binti mgongoni, nikamweka kwenye kile kiti cha plastiki mbele ya meza, kile walichoniwekea mimi, nikamshika chini ya kwapa.

"Papa, tafazali. Uliza tena ile swali. Moja tu."

Akashusha pumzi, akampa msichana ishara. Msichana akasoma, sauti yake ndogo, "Mutoto anaweza kuikala ye peke yake, bila kushikwa?"

Nikaachia.

Sikuwa nimewahi kumwachia hivyo tangu azaliwe. Kilianza kichwa, kikaenda kushoto. Likafuata bega. Kisha kiuno kikateleza mbele, marinda yakapanda hadi tumboni, na macho yake yakanitafuta. Hayo ndiyo yanayoniamsha mpaka leo, macho. Mikono yangu ilikuwa kiganja kimoja tu kutoka kwake, naapa, lakini ilikuwa hewani, na nilijichukia.

"Maman! Maman, mutoto!" msichana akapiga kelele.

Papa aliruka. Chai ilimwagikia karatasi. Alifika akiwa amepiga goti moja sakafuni, akamdaka binti yangu kifuani kabla makalio hayajatoka kwenye kiti, na kichwa kikamwangukia begani, kikapeleka miwani upande. Mtoto akakakamaa kwa mshtuko. Papa akamshika vibaya, kama mtu anayeshika mfuko wa makaa.

"Mukono moja ku kifua, papa," nikasema. "Ingine nyuma ya kichwa. Hapana kuvuta. Ungoje mpaka alegee mwenyewe."

Akangoja. Akainuka naye taratibu, akasimama katikati ya chumba, miwani imepinda, chai ikidondoka kutoka mezani. Binti akalegea polepole. Akaona ile miwani kwa karibu. Akacheka, na kilikuwa kicheko kipya, sijawahi kumsikia akikitumia kwa mtu.

"Kuya umushike, maman," papa akasema. "Nirekebishe ile fishi."

"Hapana, papa. Rekebisha."

"Nitaandika aje? Mikono yangu..." Akaitazama mikono yake. Mmoja kifuani, mmoja nyuma ya kichwa. Akajaribu kuusogeza ule wa nyuma, kichwa kikaenda, akaurudisha upesi. Akanitazama mimi, kisha mtoto, kisha mimi tena. Kutoka uani nilisikia fundi akimwambia mtu ashike utepe vizuri.

"Andika wewe," akamwambia msichana. "Anza na ya kwanza. Zote. Na umwite fundi amupime huyu leo."

Msichana akafuta vidole kwenye sketi yake, akaanza. Sasa nilijibu mimi. Anaweza kukaa peke yake? Hapana. Anakula vizuri? Hapana, anapaliwa, na jana nilidhani amekwenda. Kuna watu wanaosaidia? Bibi yake, ambaye kiuno chake kimekwisha, na baba yake mwisho wa mwezi. Fundi akaingia na utepe wake, akaanza kupima, kuanzia goti hadi kiuno, kuanzia kiuno hadi kwapa, papa akimgeuza mtoto kidogo kidogo kama nilivyomfundisha. Jasho lilikuwa linamtoka kwenye paji la uso. Ilikuwa imepita robo saa labda. Hakuomba tena nimpokee.

"Swali ya mwisho," msichana akasema, na safari hii akanitazama. "Maman ya mutoto anapumuzikaka wakati gani?"

Nilifungua mdomo kutafuta jibu la heshima, ndipo nikagundua kwamba nimekaa. Sijui nilikaa lini. Nilikuwa kwenye kile kiti cha plastiki, mgongo wangu umeegemea, miguu yote miwili imenyooka mbele yangu, kikwembe kitupu mapajani. Juu ya bega la papa binti yangu alikuwa anatazama dirishani, na hakuwa analia.

"Sasa," nikasema. "Andika: sasa hivi."